Watengenezaji vyombo wawasikilize wateja wadadisi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii yafaa kuandikwa kwa wino wa kukoza katika milango ya kampuni zote zinazotengeneza vyombo vya elektroniki. Mabwana hao hukiunda kitanda, wakakiuza, kisha wakaziba masikio pindi anayekilalia anapowaonyesha kunguni waliko.

Wateja ninaowatetea leo ni wale wadadisi wa programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake uko wazi ili kila ajuaye ausome, aurekebishe na kumgawia mwenzake. Wao ni wachache, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Nionavyo mimi, kuwapuuza ni hasara tupu.

Chukua mfano wa WRT54G, kijisanduku cha kusambaza intaneti bila nyaya ambacho kampuni ya Linksys ya Marekani ilianza kukiuza mwishoni mwa mwaka wa 2002. Mwaka uliofuata, wadadisi waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu huria ambayo leseni yake humlazimu anayeisambaza kuutoa msimbo wake pia. Kampuni haikuwa imeutoa. Wadadisi walidai haki yao, na mwaka huo huo wa 2003 msimbo ukatolewa.

Je, Linksys ilifilisika? Hasha! Mwaka wa 2004 ulianza mradi wa OpenWrt, na mingine kama DD-WRT na Tomato ikajitokeza. Kijisanduku cha bei nafuu kikafunzwa kazi za mitambo ya bei ghali, kama vile kugawa kasi ya intaneti ili mtumiaji mmoja asiwameze wenzake. Waliofanya kazi hiyo hawakulipwa hata ndururu na kampuni, na wateja wengi wakakinunua kwa sababu yao.

Kisha mwaka wa 2005 likaja toleo la tano. Kumbukumbu ilikatwa nusu na Linux ikaondolewa, pakawekwa programu isiyo huria. Bila shaka mhasibu fulani alichekelea senti alizookoa. Wadadisi nao wakapiga kelele, na hapa ndipo kampuni, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Cisco, ilipotenda la busara: ilitoa WRT54GL, yenye kumbukumbu ya awali na Linux yake, ikaiuza kwa bei ya juu kuliko ndugu yake. Watu wakainunua, tena kwa miaka mingi baada ya vyombo vya rika lake kusahaulika. Hata hivyo, usikivu huo haukuwa kamili. Mwaka wa 2008 Cisco ilishtakiwa na Free Software Foundation kuhusu leseni zizo hizo za programu huria, na kesi ikamalizwa kwa mapatano mwaka wa 2009.

Walimu wa sayansi huenda wakavutiwa zaidi na kisa cha Lego. Kampuni hiyo ya Denmark ilipotoa roboti za Mindstorms mwaka wa 1998, haukupita muda kabla ya wadadisi kuufumbua ubongo wake na kuuandikia programu zao wenyewe. Lego ingeweza kukimbilia mahakamani. Badala yake iliwaachia, na ilipokuwa ikiunda toleo la NXT lililotoka mwaka wa 2006, iliwaalika baadhi ya wateja hao washiriki katika usanifu wake.

Watengenezaji hujitetea kwamba chombo cha mawimbi kikifunguliwa, mtu aweza kuzidisha nguvu zake na kuwavuruga wengine. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama yaliyotokea Marekani mwaka wa 2016. TP-Link ilikubali kulipa dola 200,000 kwa sababu baadhi ya vyombo vyake vingeweza kuvuka kiwango cha nguvu kilichoruhusiwa. Katika mapatano yayo hayo, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliitaka kampuni iwawezeshe wateja kuweka programu huria, mradi tu mipaka ya mawimbi ilindwe. Kumbe mlango mmoja waweza kufungwa bila kuifunga nyumba nzima!

Humu nchini jambo hili si la anasa. Shule iliyonunua chombo kwa karo ya wazazi haiwezi kukitupa ati kwa kuwa mtengenezaji, aliye ng'ambo, ameacha kukitolea marekebisho ya usalama. Chombo bado kizima. Kilichokufa ni hamu ya aliyekiuza. Msimbo ukiwa wazi, mwanafunzi wa chuo kikuu aweza kukirekebisha na kujifunza papo hapo. Ndiyo maana nawasihi walimu wakuu, kabla ya kutia sahihi hati ya ununuzi, wamwulize muuzaji maswali mawili: marekebisho yatatolewa hadi mwaka gani, na baada ya hapo, je, msimbo utafunguliwa?