Kabla hatujavunja sanduku

Ndugu zangu wa Maili Moja, Kongowe na Mlandizi, nanyi wa Kisarawe mjini, Masaki na Maneromango,

Sanduku la kikoba chetu lina kufuli tatu. Funguo zinakaa kwa watu watatu, na hata mweka hazina akifiwa usiku wa manane hawezi kulifungua peke yake. Lakini Desemba tukishavunja, kila mtu anaondoka na fungu lake, anapanda daladala, na kabla gari halijafika Picha ya Ndege ameshatuma laki tatu kwa mtu asiyemjua sura, anayejiita wakala wa hisa. Mwaka mzima kufuli tatu, siku ya mwisho kidole gumba kimoja.

Ombi langu ni hili: mwaka huu dalali wa hisa tumchague kama tunavyofungua sanduku. Watu watatu, mbele ya wote, kabla ya mgao.

Hisa zenyewe hazina ubaya. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, TOL. Leo zimo benki ambazo wengi wetu tunapanga foleni kwazo kila mwisho wa mwezi. Kwa mwaka 2023 CRDB ilitoa gawio la shilingi 50 kwa kila hisa. Mama ntilie mwenye hisa 1,000 alistahili 50,000. Ikatolewa kodi ya asilimia 5, akabaki na 47,500. Ni pesa ya kununulia mchele, siyo ya kuhamia Masaki ile nyingine ya Dar es Salaam. Anayekuahidi fedha yako itazaa mara mbili ndani ya miezi michache hauzi hisa. Anauza kile tulichouziwa na upatu wa DECI, tukaambiwa tupande mbegu tuvune, hadi serikali ilipoisimamisha 2009. Wapo humu waliopanda mpaka ng'ombe.

Vijana wetu wanabishana programu ipi ya simu ni nzuri zaidi. Sawa, lakini huko ni kusifia mlango bila kumjua mwenye nyumba. Sokoni hununui mwenyewe. Anayekununulia ni dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Hata ukiingia kwa Hisa Kiganjani, programu ya soko lenyewe, nyuma ya kitufe yupo dalali. Kwa hiyo wale watatu waanzie CMSA, waulize nani ana leseni hai. Wasimuulize dalali, nani atajikana?

Wakishapata majina, wawapigie madalali wote simu na swali moja: nikinunua hisa za shilingi 100,000, jumla nitakatwa ngapi, na siku nikiuza je? Makato yapo mara mbili, kuingia na kutoka, na ndiyo maana anayenunua Jumatatu akauza Ijumaa humnufaisha dalali kuliko nafsi yake. Waulize pia fedha inalipwa wapi. Akitaja namba ya simu ya mtu binafsi, mazungumzo yaishe hapo hapo. Na hisa ziandikwe kwenye akaunti ya CDS, yaani ya kutunzia hisa, yenye jina lako mwenyewe, au la kikundi kama kimesajiliwa. Zisiwe kwa jina la mwenyekiti, hata kama ni mchamungu.

Swali la kuuza lisisahauliwe. Mwaka 2017 Watanzania wengi walinunua hisa za Vodacom kwa shilingi 850. Miaka kadhaa baadaye bei ilikuwa bado chini ya hapo, na hisa huuzi mpaka apatikane mnunuzi. Ada ya shule ya Januari basi isiguswe kabisa.

Mtu mmoja mwenye laki moja akipiga simu mjini huambiwa apige kesho. Vikundi kumi vikiandika barua moja, dalali atapanda gari mwenyewe. Tumwite aje Kibaha Jumamosi moja, na nyingine Kisarawe, ajibu kwa Kiswahili mbele ya wauza nyanya, walimu na wakulima wa mihogo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mgeni huyu aje na leseni mkononi.

Kikundi chetu cha Maili Moja tumeshateua watatu: mwalimu mstaafu, fundi cherehani na binti mmoja anayejua simu kutushinda wote. Kila kikundi kiteue wake kwenye kikao kijacho, wote wakutane kuandika ile barua kabla ya mwezi wa kumi na moja. Wa Kisarawe, mnatuma nani?