Mlimani usiyapoze maji

Mwandishi, asante kwa makala, ila pale uliposema maji yakichemka tuyaache yapoe kidogo ndipo tumwagie kahawa, ungeongeza kwamba hiyo ni kwa watu wa Dar, Tanga na Mombasa. Huko pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, kwa hiyo kuyashusha hadi 93 hivi kuna maana. Mimi ni mpagazi wa Mlima Kilimanjaro. Pale Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji yanatokota kabla hayajafika nyuzi 90! Ukisubiri yapoe tena utakunywa kitu kichachu kisicho na nguvu, hata kama kahawa ni arabika safi ya Moshi. Sisi tunamwaga yakiwa bado yanatokota, kahawa imesagwa laini kuliko ya nyumbani, tunafunika sufuria na kuizungushia sweta, tunangoja dakika 5 au 6, halafu tunachuja. Na ndugu zangu mnaosema hapo juu eti bila mashine hakuna kahawa, piteni baraza za Zanzibar jioni mkaone dele juu ya makaa, kahawa chungu yenye tangawizi, na kashata pembeni. Ile inachemshwa kabisa na ni tamu vilevile. Dada uliyeuliza kuhusu kusaga, kinu na mchi vinatosha, ila twanga ya kunywa siku hiyohiyo tu, maana unga ukikaa wazi harufu yote inapotea.