Nyumba ya Mkristo: Mchezo Penye Moto wa Jioni

Mwezi uliopita tulinena juu ya sala ya jioni. Leo twanena juu ya saa ile iifuatayo, ambayo katika nyumba nyingi za hapa Nyakato ni saa ya kimya. Baba ana redio yake, mama ana dagaa wake wa kuchambua, binti ana simu yake. Zamani Wasukuma walikuwa na shikome, moto wa uani, ambapo wazee waliwafunza vijana kwa hadithi.

Mwaka 1982 na 1983 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na watu wa Malya, huko Kwimba, mkoani mwetu. Hawakuleta mchezo ulioandikwa. Waliwauliza kwanza wanakijiji ni nini kiwasumbuacho. Yakatajwa mambo ya vijana, na mimba za wasichana wa shule. Mambo hayo yakaigizwa kwa ngoma na michezo, kisha watu wakajadiliana. Sisi twaona kazi yenyewe ilikuwa katika yale mazungumzo. Mzazi aonaye haya kumtaja binti wa nyumba yake aweza kumtaja binti wa mchezoni. Nabii Nathani naye hakumwendea Daudi na mashtaka, bali na habari ya mwana-kondoo wa maskini.

Jacob Moreno, mganga aliyeutumia mchezo kuwa dawa, kwanza Vienna kisha Marekani, aliwabadilisha watu nafasi zao. Jambo hilo halihitaji chuo. Binti na aketi katika kiti cha baba. Baba na asimame mlangoni, aombe fedha ya daftari, asikie jinsi ajibiwavyo.

Wako watakaosema huku ni kumvunjia baba heshima. Basi baba mwenyewe na auitishe mchezo, naye aufunge. Msianze na jambo zito. Anzeni na fedha ya dagaa. Wala mtoto asipigwe kesho yake kwa neno alilolisema mchezoni, maana akipigwa mara moja tu hatasema tena.

Lakini penye mtoto anayedhuriwa, msicheze. Nendeni kwa padre, tena nendeni polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, siku ile ile.