Mwezi mmoja ni siku ngapi? Tuwafunze wanafunzi kuuliza

Mnamo tarehe 31 Januari, 2023, nilichukua mkopo mdogo kutoka kwa chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho sitakitaja jina. Mkataba ulinitaka nilipe awamu ya kwanza "kabla ya mwezi mmoja kuisha". Siku iyo hiyo nilipokea arafa ikinijulisha kwamba siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa 3 Machi. Nami nililipa tarehe 2 Machi, nikijihesabu kuwa mtu mwenye kutimiza ahadi. Lo! Nilipochukua taarifa ya akaunti yangu nilikuta nimetozwa faini ya kuchelewa siku mbili. Karani alinitazama kwa huruma, akasema: "Mwalimu, mwezi wako uliisha tarehe 28 Februari. Ndivyo tarakilishi inavyosema."

Tarakilishi ipi? Ile iliyonitumia arafa au ile iliyonitoza faini? Faini yenyewe haikuwa kubwa, wala si nia yangu kuwalilia wasomaji. Lililonikera ni kwamba ofisi moja ilikuwa na programu mbili, kila moja na mwezi wake, na hasara ya kutopatana kwao ikamwangukia mteja. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Wengi wetu hudhani kwamba tarakilishi, maadamu haichoki wala haisahau, haiwezi kukosea hesabu ya kujumlisha. Hebu tuitazame hesabu yenyewe. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya JavaScript kwa njia ya kawaida, ikiambiwa iisogeze 31 Januari mbele kwa mwezi mmoja, kwanza huunda "31 Februari". Kwa kuwa siku hiyo haipo, huzimwaga siku zilizozidi katika mwezi unaofuata: 31 ukitoa 28 husalia tatu, basi 3 Machi. Vyombo vya tarehe vya lugha ya Java, vilivyoletwa na toleo la 8 mwaka 2014, vyenyewe hurudi nyuma hadi siku ya mwisho ya Februari. Naye mwandishi wa programu aliye mvivu huongeza siku 30 tu, akapata 2 Machi. Tarehe tatu tofauti, na hakuna programu hata moja iliyokosea kujumlisha! Kila moja imetii kanuni yake. Kosa ni la binadamu ambaye hakusema alitaka kanuni ipi.

Kiini cha jambo ni kwamba sekunde na dakika ni vipimo, kama mita na kilo, lakini mwezi na mwaka si vipimo vya namna hiyo. Ukisema "mwezi mmoja" unataja safari ndani ya kalenda, na urefu wa safari hiyo hutegemea ulikoanzia. Hata siku haina saa 24 kila mahali. Mjini London, tarehe 30 Machi, 2025, saa zilisogezwa mbele, na siku hiyo ikawa na saa 23. Wanafunzi wetu wanaopenda kandanda wanalijua hili bila kufundishwa: mechi ya Uingereza iliyokuwa ikianza saa kumi na mbili jioni kwetu huanza saa kumi na moja majira hayo yabadilikapo. Kwa hiyo kuongeza siku moja na kuongeza saa 24 ni mambo mawili mbalimbali.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya wataalamu, na wataalamu hawakosei. Tarehe 29 Februari, 2012, huduma za Microsoft zinazoitwa Azure zilikwama kwa saa nyingi. Sehemu moja ya programu ilitakiwa kutengeneza cheti cha kudumu mwaka mmoja. Ilichukua tarehe ya siku hiyo, ikaongeza moja kwenye mwaka, ikapata 29 Februari, 2013. Siku hiyo haikuwahi kuwako, na cheti kikakataliwa. Ikiwa kampuni tajiri kiasi hicho iliteleza katika hesabu ya mwaka mmoja, itakuwaje kwa kijana wetu anayeandika programu ya karo ya shule?

La ajabu ni kwamba mfano mwema tunao nyumbani. Waandishi wa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 walitambua tatizo hili, wakalitolea kanuni katika Kifungu cha 259. Muda ukitajwa kwa siku, siku ya tukio la kwanza haihesabiwi, na ya mwisho huhesabiwa. Ukitajwa kwa miezi, muda huisha mwanzoni mwa tarehe yenye nambari sawa na ile ulioanzia. Na kama mwezi huo hauna nambari hiyo, basi ni siku yake ya mwisho. Kanuni hiyo ni ya mambo ya Katiba, si ya mikopo yangu, lakini iko wazi kiasi kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuigeuza kuwa programu.

Wala si hesabu ya mzaha. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 15 Agosti, 2022. Katiba inatoa siku saba za kuwasilisha kesi, na siku hizo ziliishia 22 Agosti. Kisha inaipa Mahakama ya Juu siku 14 za kuamua, na uamuzi ukatolewa 5 Septemba. Taifa zima lilikuwa likingoja. Tafakari ingekuwaje kama kila upande ungehesabu kivyake.

Hata hivyo, kanuni nzuri nayo huacha mwanya. Kuhusu miaka, Katiba inataja tu tarehe inayolingana na ile ya mwanzo. Kijana aliyezaliwa 29 Februari, 2008, anatimiza miaka 18 siku gani ya mwaka 2026, ambao Februari yake ina siku 28 tu? Mjadala huo ningependa kuusikia darasani.

Ndiyo maana nawasihi walimu wenzangu wanaofundisha uandishi wa programu wasianze na amri za lugha. Waanze na swali. Mwambie mwanafunzi aongeze mwezi mmoja kwenye 31 Januari, 2023, kisha aongeze mwingine kwenye jibu lake. Kwa kanuni ya siku ya mwisho atapata 28 Machi. Sasa aongeze miezi miwili kwa mkupuo: atapata 31 Machi. Akishangaa, somo limeanza. Kisha mfunze kuandika kanuni yake kwa Kiswahili sanifu kabla ya kuandika programu: je, siku ya kwanza inahesabiwa? Mwezi ukipungukiwa na siku tufanyeje? Mwisho ukiangukia Jumapili je?

Nanyi wanafunzi, msiridhike programu ikikubali bila kulalamika. Tarakilishi hailalamiki inapomnyang'anya mjane siku tatu za kulipa deni. Anayelalamika ni mjane, na aghalabu huambiwa kwamba mashine haikosei.

Nilipomweleza karani wangu haya yote, alikiri kwamba arafa ilikuwa yao, akaahidi kwamba faini yangu ingerudishwa baada ya mwezi mmoja. Nilimshukuru, nikamwomba aandike tarehe.