Zebaki na Vidudu vya Matopeni

Wiki hii tuwatazame viumbe tusioweza kuwaona kwa macho, na ambao pengine hatuwahurumii hata kidogo: bakteria waishio katika matope ya mialo, mahali wachimbaji wadogo wanaposafishia dhahabu. Wakazi wa Chanika, mjini Handeni, wamekwisha sikia mengi juu ya dhahabu ya Magambazi. Habari za vidudu hivi huenda bado.

Bakteria wengi hutumia oksijeni kama sisi, na oksijeni hiyo huacha masalio makali yanayounguza chembe hai. Mojawapo ni haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Povu ulionalo kidondani ni kazi ya kimeng'enya kiitwacho katalasi, kinachoivunja dawa hiyo ikawa maji na oksijeni. Kazi ya mwenzake, supaoksaidi dismutesi, iligunduliwa na McCord na Fridovich wa Marekani mwaka 1969. Hicho ndicho kikosi cha zimamoto cha bakteria.

Zebaki iingiapo, hung'ang'ania salfa iliyomo katika protini, akiba ya kinga ikapungua na moto ukazidi. Sumu ikiwa kidogo, mara nyingi bakteria huongeza vimeng'enya. Ikizidi, vimeng'enya vyenyewe huharibika. Kwa hiyo mtaalamu akikuta katalasi imepanda asishangilie upesi. Huenda ni dalili ya dhiki.

Wapo bakteria wajanja wanaoigeuza zebaki kuwa mvuke, ikaruka zake hewani. Wengine, wakaao matopeni pasipo oksijeni, huigeuza kuwa methili-zebaki, na hiyo huingia katika samaki, kisha sahanini. Sumu hiyo ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata, Japani, ingawa kule ilitoka kiwandani. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Lakini mkataba hauingii jikoni, na wapo wanaochomea dhahabu yenye zebaki nyumbani, juu ya jiko la mkaa, watoto wakicheza kando. Mvuke ule hauonekani wala haunuki. Mapafu huupokea haraka, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Protini zetu nazo zina salfa ile ile.

Akina mama, kikaango kilichochomewa dhahabu kisipikiwe tena. Na kazi hiyo ifanyiwe mbali na nyumba, kwa retoti, yaani chombo kilichofunikwa chenye bomba la kuupoza mvuke na kuirudisha zebaki katika hali ya majimaji.