Mwalimu, shika kibali kabla ya kushika chaki

KILA shule zinapokaribia kufunguliwa, katika mabasi yanayovuka Namanga na Isebania hakosi abiria mmoja ambaye ni rahisi kumtambua. Ana begi moja, bahasha ya kaki yenye vyeti, na nambari ya simu ya mwenye shule aliyopewa na rafiki. Huyo ni mwalimu Mkenya anayekwenda Tanzania kufundisha Kiingereza. Namjua kwa sababu mwaka wa 2012 nilikuwa yeye.

Safari hiyo ina sababu zake. Serikali ya Kenya ilikoma kuajiri walimu moja kwa moja mwaka wa 1998. Tangu hapo mtu anaweza kuhitimu, akasajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu (TSC), kisha akangoja kazi miaka na mikaka.

Ng'ambo ya mpaka nako kuna pengo. Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka wa 1967, shule za msingi za serikali nchini Tanzania zimefundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hutumia Kiingereza. Mtoto akiingia kidato cha kwanza hukuta vitabu karibu vyote vimebadilika lugha. Mzazi mwenye uwezo humtafutia mapema shule ya binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, na mwenye shule naye hujisifu kwamba ana walimu kutoka Kenya na Uganda.

Basi kazi ipo, na mfanyakazi yupo. Shida iko kwenye karatasi.

Mwenye shule aliyeniajiri, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania, alinipokea vizuri. Alinipa chumba na mshahara uliozidi niliokuwa nikiupata nyumbani kwa kufundisha vibarua. Kila nilipouliza kuhusu kibali jibu lilikuwa moja: "Tulia mwalimu, makaratasi yako njiani." Muda wa ugeni ulipokaribia kwisha nilirudi mpakani kugongewa muhuri mpya. Nilifundisha miaka mitatu nikiwa, kwa mujibu wa pasipoti, mtu aliyekuja kutembea.

Mwaka wa 2015 Tanzania Bara ilipata sheria mpya ya ajira za wageni. Mwenye shule alituita walimu watatu jioni, akatuambia kesho tusije. Alikuwa na mishahara yetu ya miezi miwili. Ningemshtaki wapi? Mtu asiye na ruhusa ya kuwa kazini atadai malipo ya kazi gani? Nilirudi na basi la usiku, godoro likiwa juu ya paa.

Nilimlaumu mwajiri, na bado namlaumu. Lakini lawama nyingine ni yangu. Sikuwahi kuuliza sheria inasema nini.

Sheria hiyo inataka vibali viwili. Cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji. Kwa mwajiriwa ni daraja B. Mwajiri ndiye anayepaswa kuomba kibali cha kazi, tena kabla mgeni hajaingia nchini. Ni lazima pia awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania atakayeirithi kazi hiyo. Na kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa la mwajiri na la mwajiriwa pia.

Wengi hujitetea kwa kutaja Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, na inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Hata hivyo, kila nchi ilitaja katika viambatisho aina za kazi itakazozifungulia wengine, na mkataba unaozidi siku 90 bado unahitaji kibali. Kenya na Rwanda zimeondoleana ada ya kibali, lakini hata huko kibali chenyewe hakikufutwa.

Wafanyabiashara wa mpakani wasidhani haya ni ya walimu peke yao. Julai 2025 Tanzania ilitangaza amri iliyowazuia wageni kufanya biashara za aina 15, zikiwemo kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni na kununua mazao shambani. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na itifaki. Tatizo ni lile lile: kilichoandikwa Arusha ni kimoja, na kinachofanyika sokoni ni kingine.

Tuseme ukweli pia. Tanzania ina vijana wake waliosomea ualimu na hawana kazi, na serikali yoyote huulizwa na wananchi wake kwanza. Hilo si chuki. Kosa ni mlango kuachwa wazi nusu, watu wakaingia na kujenga maisha, kisha ukafungwa ghafla.

Ushauri wangu kwa mwenye bahasha ya kaki ni huu. Usipande basi kwa ahadi ya simu. Dai mkataba wa maandishi, na kibali kiwe na jina lako kabla hujavuka. Vyeti vya sekondari na vya ualimu vithibitishwe na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na shahada na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Nakala ziache nyumbani. Mwajiri akikwambia utulie, jua kwamba siku ya msako atakayekuwa ametulia ni yeye.

Serikali za Jumuiya nazo zina deni. Zitangaze mpakani, kwa Kiswahili, ni kazi zipi zimefunguliwa, ada ni kiasi gani na jibu litatoka baada ya siku ngapi. Kiswahili tunakielewa sote. Kinachotushinda ni kimya.