Jike Naye ni Mlinzi

Majuzi wezi waliingia shambani mwetu, nje kidogo ya mji wa Kilifi, wakaangua nazi za minazi minne na kuondoka na kuku watatu. Mbwa wetu Simba, dume wa miaka mitano, alikuwa akibweka upande wa lango ilhali wezi walikuwa upande wa nyuma. Asubuhi yake mke wangu alikata shauri kwamba boma letu lahitaji mbwa wa pili. Juu ya hilo hatukubishana. Tulibishana juu ya swali ambalo sikulitarajia: mbwa huyo awe dume au jike?

Nilipolifikisha swali hilo katika chumba cha walimu, wenzangu walijibu kwa kauli moja kwamba nitafute dume. Jike, walisema, ni balaa. Hushika mimba mara mbili kwa mwaka, huvuta msafara wa madume wasiojulikana watokako, na mwishowe humwachia mwenyewe vilebu asivyoweza kuvilisha. Mwalimu wa hesabu aliongeza kwamba hajapata kumsikia mtu, tangu Mariakani hadi Mambrui, akiomba mtoto wa mbwa wa kike. Nakubali kwamba ndivyo mambo yalivyo. Sikubali kwamba ndivyo yapasavyo kuwa.

Tuanze na huyo dume wa pili. Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja, na aliyefuga mbwa anajua kwamba usemi huo hauwahusu ng'ombe peke yao. Wapo madume wawili waishio kwa amani, hasa waliohasiwa, lakini aghalabu mgeni anapokomaa hutaka kumpima mwenyeji wake. Majike wawili nao waweza kugombana, tena vibaya. Dume na jike ndio wanaopatana kwa urahisi zaidi. Na kuhusu ulinzi, jike hubweka, huwa macho usiku, na huijua harufu ya mgeni sawa na dume. Kwa hivyo, kwa boma ambalo tayari lina dume, jike ndiye chaguo la busara, maadamu mwenyewe yu tayari kuzuia mimba.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala huu. Jirani yetu mmoja alikuwa na jike aliyezaa watoto sita. Madume wanne walikwisha kuombwa kabla hawajafumbua macho. Majike wawili walibaki, na mipango ilikuwa watiwe guniani wakaachwe kando ya soko. Jirani yangu si mtu katili. Anao watoto wa kuwalisha, na unga haushuki bei. Afanyalo yeye hufanywa na wengi katika kaunti yetu, kuanzia mashamba ya Ganze hadi mitaa ya Malindi.

Lakini hebu tutafakari, ndugu msomaji. Kilebu wa kike aliyetupwa sokoni si lazima afe. Akinusurika, hula mabaki, hukua, na akifikia miezi sita au zaidi kidogo huanza kutaka dume. Mimba yake huchukua siku 63 hivi. Hana mwenyewe wa kumfungia ndani, wala wa kumpeleka kwa daktari wa mifugo. Sisi tuliomkataa nyumbani kwa kuogopa watoto wake ndio tuliomweka mahali ambapo hakuna awezaye kuzuia asizae. Kisha tunalalamika kwamba mbwa koko wamezidi!

Malalamiko hayo si madogo, kwani kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba maradhi haya huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya umri wa miaka 15. Yaani ni hawa tunaowafundisha, ambao hutembea kwa miguu hadi shuleni alfajiri. Dalili zikishajitokeza, tiba haipo. Mwaka 2014 serikali yetu ilizindua mkakati wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kuu ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa.

Mwalimu wa hesabu na awape wanafunzi wake zoezi hili. Kijiji kina mbwa kumi, saba wamechanjwa, lengo limefikiwa. Jike mmoja asiye na mwenyewe akazaa watoto sita nao wakaishi. Sasa mbwa ni 16, waliochanjwa ni wale wale saba. Asilimia 70 imeshuka hadi 44 hivi, na hakuna aliyekosea ila yule aliyebeba gunia. Kuwaua mbwa ovyo hakutatui jambo, kwa kuwa wengine wasiochanjwa huja kulijaza pengo lao.

Nitaulizwa kuhusu gharama, na ni haki. Kumfunga jike kizazi ni ghali kwa mkulima wa muhogo, na daktari wa mifugo yuko mbali na vijiji vingi. Hata hivyo, jirani watano wakichanga nauli wanaweza kumwita daktari mmoja kwa siku moja. Asiyeweza hilo na amfungie jike wake ndani kwa majuma matatu anapotaka dume. Nayo serikali ya kaunti, inapotuma wachanjaji, yafaa iwatume pamoja na mpasuaji. Tusisahau pia jirani zetu Waislamu, ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Mbwa asiyezurura ni heshima kwao, na mbwa aliyehasiwa au kufungwa kizazi huzurura kidogo.

Kwa walimu wenzangu naomba jambo moja zaidi. Tuwafundishe watoto kwamba aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku iyo hiyo, hata kama jeraha ni mchubuko tu.

Nami nilikwenda kwa jirani, nikamchukua mmoja wa wale majike wawili. Mwalimu wa hesabu, baada ya kunicheka kwa wiki nzima, alimchukua wa pili. Wa kwetu ameitwa Amani. Akitimiza miezi mitatu atachanjwa, na akifikisha sita tutamwita daktari. Simba amekwisha kumpisha kwenye kivuli cha mwembe. Mdharau mwiba mguu huota tende, na mwiba wetu ni lile gunia liachwalo kando ya soko.